Viza Huanzia Nyumbani

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, ambaye sasa ni mtumishi wa Serikali hapa Dodoma, aliyoyatoa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani pamoja na wanafunzi wa kidato cha tatu hadi cha sita.)



Kwanza kabisa napenda kukishukuru Chama kwa kunipa nafasi hii. Nilimaliza kidato cha sita katika shule hii mwaka 2001, na ukumbi huu naufahamu vizuri, hasa dirisha lile la tatu ambalo upepo wa Dodoma huingiza vumbi likajaa kwenye uji. Naona dirisha bado halijapata kioo. Naomba wenzangu tulio na kazi tulitazame jambo hilo kabla hatujatawanyika leo.

Ndugu Katibu aliponiandikia, aliniomba nizungumze juu ya namna ya kuomba viza kabla ya mtu kusafiri kwenda nchi za nje kutembea. Alisema wanachama wengi huuliza jambo hilo, kwa sababu siku hizi wengi tuna watoto au wadogo zetu ng'ambo, na vijana hawa nao wana ndoto zao. Alinichagua mimi kwa kuwa nimesafiri kikazi mara kadhaa. Kwa kweli alidhani anamwita mtaalamu. Nilikubali kwa sababu nyingine. Nilikubali kwa kuwa mwaka 2022 niliomba viza nikanyimwa, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Mtu aliyeanguka kisimani aweza kuwaonyesha wenzake kisima kilipo kuliko yule aliyepita mbali.

Nianze na neno lenyewe. Viza ni neno lililotoka katika Kilatini, na maana yake ni kitu kilichoonwa. Zamani huko Ulaya karatasi ya msafiri ilipokwisha tazamwa na mkubwa wa mahali, ilipigwa alama kuonyesha kwamba imeonwa. Pasipoti ni kitabu unachopewa na Serikali yako kusema: huyu ni wetu. Viza ni neno la Serikali ya watu wengine: tumemtazama, na aje. Kwa hiyo tunapoomba viza, tunaomba kutazamwa. Na mtu anayeomba kutazamwa hana budi kujiuliza ataonekana nini.

Wazee wetu waliosoma hapa miaka ya sabini watakumbuka kwamba taabu yao ilikuwa nyingine. Wakati ule fedha za kigeni zilikuwa za kuomba kwa ruhusa, na mtu aliweza kuwa na safari lakini asiwe na dola ya kununulia chai njiani. Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ndiyo iliyotufungulia maduka ya kubadilisha fedha. Siku hizi fedha unaweza kuzinunua mjini, pale pale unaponunua sukari. Mlango uliobaki mgumu ni ule wa viza.

Sasa nisimulie yangu.

Mdogo wangu wa kike, anayenifuata mimi, alikwenda kusoma katika nchi moja ya Ulaya, akapata kazi, akaolewa huko huko. Mwaka 2022 alituarifu kwamba ni mjamzito, na kwamba angejifungua mwezi Desemba. Mama yetu anakaa kijijini, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa mjini, ana ekari mbili za zabibu na ng'ombe wachache. Aliposikia habari ile alisema neno moja tu: "Nitakwenda kumlea." Ninyi nyote mnajua maana yake. Kwetu binti akijifungua mara ya kwanza, mama yake ndiye humkanda, humpikia uji, humfundisha kumshika mtoto. Haikumpitia Mama akilini kwamba kuna mtu mahali fulani anayeweza kumwambia hapana.

Mimi nilisema: Mama, jambo hilo niachie. Nilikwisha kwenda nje mara nne kwa semina na mikutano, kwa pasipoti ya utumishi, na barua ya wizara ilikuwa ikinitangulia. Sikujua kwamba katika safari zile aliyekuwa anatazamwa ni Serikali, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Safari hii nilikuwa nakwenda mimi na Mama, kwa pasipoti zetu za kawaida.

Kwa haraka niliyokuwa nayo nilimfuata kijana mmoja mwenye duka la kuchapa karatasi, ambaye watu walisema anajua mambo ya viza. Alikuwa kishoka, wala hakuwa na ofisi ya maana. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, nisiandike kwamba tunakwenda kumtembelea ndugu, maana eti wakijua una ndugu huko wanadhani hutarudi. Niandike utalii, naye angetutafutia karatasi ya hoteli. La pili, akaunti yangu ya benki ilikuwa "imekonda", kwa hiyo nitafute fedha niijaze kabla ya kuchukua taarifa ya benki. Mimi, mwenye shahada ya Chuo Kikuu, niliyeapa kiapo cha utumishi, niliyakubali yote mawili. Nilikopa shilingi milioni nane kwa rafiki yangu mmoja, nikaziweka benki siku ya Jumatatu, nikachukua taarifa siku ya Alhamisi, nikamrudishia fedha zake wiki iliyofuata.

Balozi nyingi mpaka leo ziko Dar es Salaam, ingawa makao makuu ya Serikali ni hapa. Siku hizi tuna treni ya umeme tangu mwaka 2024, na mtu aweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mwaka 2022 tulipanda basi, Mama akavimba miguu, tukalala gesti.

Kesho yake tuliitwa dirishani. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, na kando yake Mtanzania mwenzetu wa kumfasiria. Yule Mtanzania akamwamkia Mama kwa heshima, kisha akamwuliza, "Mama, unakwenda kufanya nini huko?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimemfundisha Mama njia nzima kutoka Dodoma aseme "kutembea." Lakini Mama ni mtu aliyekulia kanisani na shambani, na aliulizwa swali na mtu aliyemwamkia. Akajibu, "Nakwenda kumlea mwanangu, anajifungua mwezi wa kumi na mbili."

Nikamkanyaga mguu. Akageuka, akaniambia kwa sauti ambayo dirisha zima lilisikia, "Mbona wanikanyaga mguu uliovimba?"

Yule ofisa akatazama fomu iliyosema utalii, akatazama karatasi ya hoteli, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno. Akaandika kitu, akatushukuru.

Kwenye basi Mama alinyamaza tangu Morogoro hadi Dumila. Tulipofika Gairo, upepo wa baridi ukiingia dirishani, ndipo aliponiuliza: "Baba, kwani kumwona mwanangu ni jambo la kuficha?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sijalipata.

Baada ya wiki mbili nilikwenda peke yangu kuchukua pasipoti. Ndani yake mlikuwa na karatasi yenye sababu nyingi zilizochapwa, na visanduku vya kutiwa alama. Vyetu vilitiwa alama viwili: kwamba madhumuni ya safari hayakuthibitishwa, na kwamba kulikuwa na shaka kama tungeondoka muda ukiisha. Ada haikurudishwa, kwani ada ya viza ni malipo ya kutazamwa, na tulikuwa tumetazamwa. Mwezi Desemba mdogo wangu alijifungua. Aliangaliwa na mume wake na jirani mmoja mwema. Mama aliona mjukuu kwenye simu yangu, akaifuta kioo kwa khanga akidhani ni vumbi, kumbe ni mtandao uliokuwa hafifu.

Nimeyasimulia haya kwa urefu ili mjue kwamba ninayowaeleza sasa sikuyasoma tu kwenye kitabu.

Mwezi Januari 2023 tulianza upya. Nilikaa na mwenzetu mmoja aliyesoma hapa miaka mitano kabla yangu, akanieleza kazi ya ofisa wa viza ilivyo. Alisema ofisa yule ana maswali machache tu. Wewe ni nani? Unakwenda kufanya nini? Nani atalipa? Na kitu gani kitakurudisha nyumbani? Fomu zote za dunia, ziwe na kurasa mbili au ishirini, zinazunguka maswali hayo manne. Nitayapitia moja moja.

Swali la kwanza, wewe ni nani. Hapa ndipo tulipopoteza miezi mitatu. Jina la Mama ni la Kigogo, na linaanza na "Chi." Katika kadi ya ubatizo liliandikwa hivyo hivyo. Karani mmoja, kwa kutaka kulifanya Kiswahili, aliandika "Ki" katika cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu. Katika kitambulisho cha Taifa likarudi "Chi," lakini herufi moja mwishoni ikapotea. Kwa hiyo kwa karatasi, Mama hakuwa mama wa binti yake. Aidha, tarehe yake ya kuzaliwa haijulikani. Ninyi wenyeji wa Ugogo mnajua wazee wetu walihesabu miaka kwa njaa, kama vile Mtunya ile ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Mama alizaliwa "mwaka wa njaa," na njaa zilikuwa nyingi. Ikabidi twende kwa mtendaji wa kijiji, kanisani, kwa wakili kuapa, na kwa wasajili, mpaka karatasi zote zikamtaja mtu mmoja.

Swali la pili, unakwenda kufanya nini. Safari hii tuliandika: kumtembelea binti na mjukuu, siku 21. Mdogo wangu na mume wake walituma barua ya mwaliko iliyothibitishwa na ofisi ya mji wao, nakala ya kibali chake cha kuishi, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hatukuhitaji hoteli hata moja.

Swali la tatu, nani atalipa. Niliweka taarifa ya benki ya miezi sita kama ilivyo, pamoja na hati zangu za mshahara. Salio lake lilinifanya nione aibu. Lakini kila mwezi mshahara uliingia tarehe zile zile, ada za watoto zikatoka, na kidogo kikabaki. Baadaye nilielewa kwamba ofisa hatafuti tajiri. Anatafuta hesabu inayoeleweka. Milioni nane zilizoingia Jumatatu bila kujulikana zinatoka wapi zinasema jambo moja tu, kwamba huyu ameazima sura ya mtu mwingine.

Swali la nne, kitu gani kitakurudisha. Kwangu ilikuwa barua ya mwajiri yenye tarehe ya kuanza likizo na ya kurudi kazini. Kwa Mama nilidhani hatuna kitu, kwa kuwa hana ajira wala nyumba ya mjini. Ndipo Mama mwenyewe aliposema, "Waambie zabibu zangu huvunwa Agosti. Nani atavuna?" Tukapata barua ya mtendaji kuhusu shamba na mifugo, na risiti za mauzo ya zabibu za msimu uliopita. Kilichokuwa kimenionea haya kumbe ndicho kilichokuwa na nguvu.

Mwisho niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikasema wazi kwamba maombi ya kwanza hayakueleza safari yetu kwa ukweli, kwamba kosa ni langu na si la Mama, na kwamba haya ndiyo maelezo sahihi. Niliogopa sana kuiandika, lakini hapakuwa na haja ya kuficha. Nchi za Schengen zina kumbukumbu ya pamoja ya viza, na kunyimwa kwako hukaa humo miaka mitano. Wangeona tu.

Tulipewa viza, wote wawili. Tulifika mwezi Juni 2023. Mtoto alikuwa amekwisha anza kukaa. Mama alimpokea, akamweka mapajani, akamtazama muda mrefu, kisha akamwambia binti yake, "Nimechelewa kukukanda." Tukarudi siku ya ishirini na moja, na zabibu zilivunwa kwa wakati wake.

Ndugu Mwenyekiti, sasa niseme kwa ufupi mambo ya utaratibu, kwa ajili ya wale wanaotaka kuandika.

Kwanza, pasipoti. Tangu mwaka 2018, zilipozinduliwa pasipoti mpya za kielektroniki kule Dar es Salaam kwa ada ya shilingi 150,000, kitabu cha mtu mzima hudumu miaka 10. Usingoje mwaliko ndipo uanze kukitafuta. Tena nchi nyingi hazitaki pasipoti inayokaribia kwisha. Kwa Schengen sharti ibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka huko, iwe na kurasa mbili tupu, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Nchi nyingine hutaka miezi sita.

Pili, jua unakwenda chini ya sheria ya nani. Schengen ni jina la kijiji cha Luxembourg ambako mkataba ulitiwa sahihi tarehe 14 Juni 1985. Leo nchi 29 zimo, na viza ya moja hukupitisha katika zote, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Usiende kwa ubalozi unaosemekana ni mpole ilhali safari yako ni ya kwingine. Uingereza haimo, nayo ina viza yake, inayompa mgeni wa kawaida hadi miezi 6. Marekani ina fomu yake na mahojiano yake, na sheria yao humhesabu kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia mpaka yeye mwenyewe aonyeshe vinginevyo. Usichukie ukiulizwa, ni sheria, hata Mzungu wa nchi inayotakiwa viza huulizwa vivyo hivyo. India huruhusu Watanzania kuomba kwa mtandao. Kwa jirani zetu wa Kenya, Uganda na Rwanda hatuhitaji viza kabisa, na ningependa vijana waanze kutembea huko.

Tatu, wakati. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini waweza kufika siku 45. Mtu anayeomba wiki mbili kabla ya arusi ya mwanawe anacheza kamari.

Nne, fedha. Ada ya Schengen kwa mtu mzima ilikuwa euro 80, ikapandishwa kuwa euro 90 tarehe 11 Juni 2024. Ya Marekani ni dola 185 tangu mwaka 2023. Aidha, mwezi Oktoba 2025 Marekani iliitia Tanzania katika orodha ya nchi ambazo mwombaji aweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000, irudishwe atakaporejea kwao kwa wakati. Nalitaja hili mjue kwamba masharti hubadilika katikati ya mwaka. Soma tangazo la ubalozi wenyewe siku unayoanza kujaza fomu, usitegemee maneno ya jirani aliyesafiri mwaka juzi, wala haya yangu. Wala tusilalamike sana, maana nasi tunawatoza watalii wanaokuja kwetu dola 50 kwa wengi wao, na Wamarekani dola 100.

Tano, bima na tiketi. Schengen hutaka bima ya safari isiyopungua euro 30,000 kwa matibabu. Tiketi usiilipe yote kabla ya viza. Weka nafasi inayoweza kufutwa bila hasara. Nimemwona mtu akilia pale kituoni kwa ajili ya tiketi, si kwa ajili ya viza.

Sita, kwa watumishi wenzangu wa Serikali: likizo si ruhusa ya kuvuka mpaka. Pata kibali cha mwajiri mapema, na pasipoti ya utumishi iache kwa kazi ya utumishi.

Saba, ukinyimwa, isome ile karatasi. Imeandika sababu, na imeandika haki yako ya kukata rufani. Walakini kama kosa ni lako, lirekebishe kwanza ndipo uombe tena. Kurudisha karatasi zile zile ni kupanda mbegu iliyooza.

Nanyi vijana, nawageukia ninyi kwa mambo mawili kabla sijakaa.

La kwanza ni jina. Walimu wenu wa kidato cha pili na cha nne watawapa fomu za kujiandikisha kwa mitihani ya Taifa. Siku ile wengi wetu tulijaza haraka ili tuwahi mpira. Jina utakaloliandika siku ile litakuwa kwenye cheti chako maisha yako yote. Liwe lile lile lililo katika cheti chako cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Ukitaka jipya la kupendeza, andika kwenye daftari lako. Kama jina lako ni la Kigogo na karani anataka kuligeuza, mwambie kwa adabu: "Samahani Mwalimu, jina langu ni hili." Na asiye na cheti cha kuzaliwa amwambie mzazi wake likizo hii, wala asingoje mpaka bahati ibishe hodi. Jioni hii hii mwende mkawaulize wazazi wenu majina yao kamili, muyaandike kama wanavyoyatamka wao.

La pili ni hili. Viza ya utalii si kibali cha kazi. Wako watu wanaopita mijini na vijijini wakiwaahidi vijana kazi nzuri Uarabuni au Asia, wakisema: ingia kwanza kwa viza ya matembezi, mengine yatajipanga. Hayajipangi. Mtu aliyeingia kwa uongo hana pa kulalamika akidhulumiwa mshahara au akinyang'anywa pasipoti, kwa sababu hata yeye anaogopa polisi. Wenzetu wa nchi jirani wamerudishwa kutoka Myanmar wakiwa wamefungiwa katika majumba ya utapeli wa mtandao, na wengi walidanganywa kwa ahadi za kazi nchini Thailand. Sheria yetu ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu inawahusu hao wanaowashawishi. Lakini sheria humkuta mtu akiwa amekwisha umia. Akija mtu wa namna hiyo, mleteni kwa walimu wenu au kwetu sisi.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja hapa kuwafundisha vijana kuikimbia nchi yao. Nimekuja kuwaambia kwamba mtu aweza kwenda mbali na kurudi, akiwa na karatasi zinazosema yeye ni nani. Nilipokuwa nikikusanya karatasi za Mama niligundua kwamba kila kitu tulichohitaji kilikuwa kijijini tangu awali: jina lake, binti yake, shamba lake. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta vingine mjini.

Mwaka huu Mama amealikwa tena, mjukuu wa pili yuko njiani. Fomu ameijaza mdogo wetu wa mwisho, aliyemaliza hapa mwaka 2019, na mimi nimekatazwa kuigusa. Penye swali la madhumuni ya safari, Mama alimtaka aandike kama atakavyomtamkia yeye mwenyewe. Ameandika: kumlea mwanangu. Nimeliona kwa macho yangu. Na safari hii amewahi, miezi mitano kabla.

Sasa tuzungumze habari ya lile dirisha.